Suruali ya Bwana Mkubwa na Siku Moja Iliyopotea

Leo sina uso, wenzangu. Nimeadhirika mchana kweupe, mbele ya boma la Songea, mbele ya askari, karani, wapagazi na akina mama waliokuja na mashauri yao. Nawaandikia haraka kwa sababu mpagazi atakayewaletea barua hii naye alikuwepo, na mdomo wake mnaujua. Afadhali mlisikie jambo hili kwangu.

Naanza na asubuhi.

Mnajua kwamba tangu vita vya Maji Maji viishe, mtu wa Kilwa haji huku Ungoni akakaa apendavyo. Mgeni hupewa cheti bomani. Changu kilikuwa cha siku kumi na mbili. Siku ya kumi na mbili unarudi, karani anakufuta daftarini, unaondoka. Ukipitiliza ni hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, na hapo una bahati. Cheti chenyewe kimeandikwa kwa herufi za Kizungu. Mimi nasoma za Kiarabu (na nasoma vizuri, msijifanye hamjui). Kwa hiyo siku ile nilipotoka bomani nilikata uzi wangu wa kushonea kanzu, nikaufunga mafundo kumi na mawili. Kila alfajiri nafungua moja. Ni hesabu ya wapagazi, lakini haidanganyi.

(Haidanganyi! Ngojeni.)

Nimefikia kwa Bibi Fusi, mama mmoja wa Kingoni, mwendo mfupi kutoka bomani. Ana nyumba ya msonge na kihenge cha nafaka ambacho tangu vita hakina hata punje. Wanawe wawili walikwenda kupigana na hawakurudi. Alinipa mahali pa kulala, nami nikamtilia viraka nguo zake zote. Siku ya nne na ya tano homa ilinilaza, sikujua mbingu wala ardhi. Yeye ndiye aliyeninywesha uji na kunifungulia mafundo. Nilipozinduka nikaukuta uzi uko sawasawa. Nikamshukuru sana.

Basi leo alfajiri nimefungua fundo la mwisho. Nikajisemea: leo Ijumaa, siku ya kumi na mbili. Nitasali, nitapita bomani nifutwe, kisha safari. Nikaoga kijitoni (baridi ya Songea haina adabu). Nikavaa kanzu yangu ile ya tarizi mliyoionea wivu, na kofia ya vito. Nikajinyunyizia marashi kidogo, kichupa nikakitia mfukoni. Nikashuka kwa Mzee Shomari, mfanyabiashara wa nta kutoka kwetu pwani. Barazani kwake ndiko Waislamu wachache wa hapa tunakosali Ijumaa.

Nikafika. Baraza halina hata mkeka mmoja. Mzee Shomari yuko kifua wazi, anafunga mizigo ya nta.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Fundi! Umepona? Jana tumekuombea dua."

"Jana?"

"Kwenye sala. Nikawaambia, Fundi hawezi kukosa Ijumaa ya pili ila awe yuko taabani."

"Mzee, Ijumaa si ni leo?"

Akaacha kamba. Akanitazama kofia, akanitazama kanzu, akavuta pumzi akasikia marashi. "Maskini! Leo Jumamosi, Fundi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Mkewe akatoa kichwa mlangoni kwa huruma, akasema, "Jumamosi, baba," kama anayempa mtu habari ya msiba.

Jumamosi! Yaani cheti changu kimekufa jana, na mimi natembea nacho kama maiti isiyozikwa. Wenzangu, mimi si mwoga (nyamazeni), lakini nimewahi kuona mtu akipigwa hamsa ishirini. Kufika kumi na tano hakuwa akilia tena, na hilo ndilo lililonitisha.

Kisha nikakumbuka kichupa.

Mnaelewa ubaya wake? Vita hivi vyote vilianza na maji. Wageni kutoka pande zetu za Kilwa walipita vijijini na maji ya dawa, wakisema risasi za Wadachi zitageuka maji. Mpaka leo mgeni akikutwa na kitu cha majimaji mfukoni, maswali yake hayana mwisho mwema. Kuna mahali karibu na boma ambapo wenyeji wakipita hutazama upande wa pili. Hawakwambii kwa nini, na huhitaji kuuliza. Sasa nipigieni hesabu: mtu wa Kilwa, cheti kimekufa, kichupa mfukoni.

Nikaingia nyuma ya ua wa mtu. Kuyamwaga marashi chini nikaogopa, ardhi ingenukia na watu wangeuliza. Kwa hiyo nikajimiminia yote. Kichwani, shingoni, ndani ya kanzu. Kichupa nikakifukia. (Akili ya mtu mwenye hofu, Mungu anisamehe.)

Nikakimbia kwa Bibi Fusi huku kanzu nimeikamata magotini. Nilimkuta uani anamenya ming'oko, vile viazi vya porini ambavyo ndicho chakula chetu siku hizi.

"Bibi, nilipokuwa na homa, mafundo ulifungua kweli?"

Hakuinua macho. "Nilifungua."

"Yote mawili?"

"Yote mawili." Akamenya kidogo. "Moja nikalifunga tena."

"Bibi!"

"Siku moja tu, mwanangu. Nyumba hii ikiwa na mtu anayekohoa, mimi napata usingizi. Nikasema, siku moja, Wadachi hawataiona. Wana siku nyingi."

Hasira ilikuja, ikakuta hofu imekaa, ikarudi. Na kabla sijafungua mdomo tukasikia viatu njiani. Askari! Ombasha mmoja mrefu wa bomani, bunduki begani, anakuja moja kwa moja.

Nikaingia ndani ya kihenge. Msiniulize niliingiaje, mlango wake ni wa kupitisha kikapu. Nikajikunja humo na mavumbi na majivu yaliyohifadhia mavuno ya zamani. Nikaanza kusoma Ayatul Kursiyu, nikaisahau katikati.

"Bibi, yuko wapi yule fundi wa Kilwa?"

"Ametoka."

Nikasikia ombasha anavuta pumzi puani. Mara moja. Mara mbili. Hatua zikaja mpaka kihengeni, zikasimama.

"Fundi, toka," akasema. "Unanukia kama bibi harusi."

Nikatoka kichwa kwanza, mweupe kwa majivu, mikono juu. Na hapa ndipo nilipojichongea mwenyewe. Sikusubiri hata swali.

"Afande, ni siku moja tu! Nilikuwa na homa! Nilihesabu vibaya, kimekufa jana tu, wallahi, sijabeba kitu!"

Ombasha akakunja uso. "Siku moja ya nini? Mimi nimetumwa nikulete. Suruali ya Bwana mkubwa wa boma imepasuka, na zile nyingine ziko kwa dobi, zimelowa."

Wenzangu, hakuna aliyejua! Bomani kote hakuna aliyekuwa amefungua daftari. Ningetoka kihengeni nikiwa nimefunga mdomo, ningeshona suruali, ningeaga, ningekuwa njiani sasa.

"Lakini kwa kuwa umesema," akasema ombasha, "utamweleza karani."

Nikaenda mbele, ombasha nyuma yangu. Nyuma ya ombasha, Bibi Fusi na kikapu chake. Hakuna aliyemwita. Nilipogeuka kumfanyia ishara arudi, alijifanya haoni.

Bomani wakanikalisha mkekani, barazani, mbele ya uwanja wote. Suruali ikaletwa: nguo nzito ya khaki, imepasuka nyuma kutoka mshono wa kati mpaka karibu na goti. Nikaiweka mapajani, nikatunga uzi. Mara ya tisa ukaingia. Kutoka ndani nilisikia sauti ya Bwana mkubwa ikifoka kwa lugha yake, nikawa nachoma sindano kila anaponyamaza.

Karani akaja na daftari. Mtu wa pwani kama sisi, lakini akikaa na daftari lile hamjui mtu.

"Kumi na mbili," akasoma. "Zimekwisha jana. Ulikuwa ukihesabu kwa nini?"

"Kwa uzi, bwana."

"Uzi?"

Nikautoa mfukoni nikamwonyesha. Akaushika kwa vidole viwili. "Na huu ulikudanganyaje?"

"Nilikuwa na homa, bwana. Siku mbili sijitambui."

"Kumbe. Basi siku hizo mbili nani alifungua mafundo?"

Nikashona. Nikashona haraka, kichwa chini, kama kwamba swali ameulizwa mtu mwingine. Bibi Fusi alikuwa amekaa uwanjani na wenzake, kikapu magotini, hatua kumi kutoka kwangu. Alikuwa ananitazama moja kwa moja. Si kwa kuomba. Ananitazama tu.

Na hapo hapo Bwana mkubwa akatoka. Juu koti la kijeshi, vifungo vinang'aa. Chini, shuka! Amejifunga kiunoni kama mtu anayetoka kuoga. Uwanja mzima ukatazama ardhi. Karani akamweleza kwa Kijerumani, akanigeukia, akapaza sauti.

"Bwana mkubwa anauliza: nani aliyekuhesabia siku? Inuka umjibu!"

Nikainuka. Nikafungua mdomo.

Suruali nayo ikainuka.

Mnajua kosa la kwanza tunalowaonya wanagenzi. Ukishonea mapajani, pitisha mkono chini ya nguo uhakikishe hujashika yako. Mimi, fundi wa miaka yote hii, nimeishona suruali ya Bwana mkubwa kwenye kanzu yangu! Mshono mzuri, imara, wa kwenda na kurudi. Sasa inaning'inia mbele yangu, miguu miwili ya khaki inapepea kati ya miguu yangu. Nikaivuta, kanzu ikapanda na magoti yakatoka nje. Nikaiachia, ikashuka na kunipiga. Nikataka kupiga saluti, nikaona mguu mmoja wa suruali umeshanizunguka. Nikajikwaa, nikaanguka chali miguuni pa Bwana mkubwa, nimeikumbatia suruali yake kama mwizi aliyeshikwa nayo.

Hakuna aliyecheka.

Hilo ndilo lililoniua. Watu zaidi ya thelathini, na hakuna hata aliyekohoa. Hiyo ndiyo Songea ya sasa: watu wanaona jambo kama lile na wanangoja kwanza waone nani atapigwa. Nikalala pale chini nikimtazama Bwana mkubwa kutoka upande wa shuka, nikijua kwamba nimekwisha, na kwamba mama yangu ataambiwa nimekufa kwa sababu ya suruali.

Kisha mtu akacheka.

Bibi Fusi. Kicheko cha mama mzee, chenye kukwama kama mlango wa zamani unaofunguliwa, kisha kikatoka chote. Alicheka mpaka ming'oko ikamwagika kutoka kikapuni. Ombasha akamtazama. Karani akamtazama. Bwana mkubwa akamtazama muda mrefu sana, nami nikawa namwogopea yeye sasa kuliko nilivyojiogopea mimi. Halafu Bwana mkubwa akaitazama suruali. Akalitazama shuka lake. Akasema maneno machache, akaingia ndani haraka kidogo kuliko alivyotoka.

Nikamwuliza karani kwa sauti ya chini, "Amesema ngapi? Ishirini na tano?"

"Amesema uitoe suruali yake kwenye nguo yako uimalize." Karani alikuwa anauma mdomo wa chini. "Na kwamba sare za askari wote zimechakaa. Utazishona zote. Ni marufuku kuondoka Songea mpaka ziishe."

"Cheti cha siku ngapi, bwana?"

"Hakutaja siku."

Ndivyo ilivyo, wenzangu. Asubuhi nilikuwa mtu wa kuchapwa kwa kukaa. Sasa ni mtu wa kuchapwa kwa kuondoka.

Tulirudi nyumbani na Bibi Fusi. Jua lilikuwa bado juu. Akatia ming'oko chunguni, akanipa jembe lililokuwa limeegeshwa ukutani, jembe la mmoja wa wanawe.

"Mgeni siku mbili," akasema. "Wewe umeshapitiliza."

Nikalipokea. Nikadhani yamekwisha. Naye, akichochea moto, bila kunigeukia:

"Pale barazani nilikuona, mwanangu. Mdomo ulikuwa umeshafunguka."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nataka kupiga chafya, kwa sababu ya majivu. Sikuweza. Maana nawaapia, jina lake lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wangu, na kama suruali ile ingekawia kidogo tu kuinuka, ningelisema.

Kwa hiyo mpagazi akifika, mcheke suruali mpaka mchoke. Habari hiyo nyingine niachieni mwenyewe.