Kambi Isiyoonekana Google

Jumanne, 3 Juni

Leo nimeitafuta kambi yangu Google mara arobaini na moja. Haipo. Nikaandika "Kambi ya Magige Machochwe". Ikaja kambi ya Benedicto. Nikaandika "kambi nzuri karibu na hifadhi". Benedicto. Nikaandika "Magige" tupu. Akaja mchungaji mmoja wa Mwanza ambaye hata hatujuani.

Mara arobaini na moja zina sababu yake. Google ni kama mwenye duka. Watu wakiulizia kitu kila siku, mwisho atakileta. Basi mimi naulizia. Nasimama juu ya kichuguu nyuma ya banda la nne, ndipo mtandao unaposhika, naulizia mpaka bando linakata.

Mke wangu Agustina alipita na ndoo, akauliza nafanya nini kichuguuni. Nikamjibu kazi ya ofisi.

Atakayeyasoma haya siku nikiwa mtu mkubwa aelewe: nina kambi ya wageni hapa Machochwe, kando ya hifadhi ya Serengeti. Mabanda manne ya nyasi, vitanda vinane, choo cha kuvuta. Tovuti niliitengeneza mwenyewe baada ya kozi ya siku tatu Mugumu. Cheti kipo ukutani. Miezi saba sasa hajaingia mgeni hata mmoja. Ng'ambo ya bonde Benedicto ana mabanda sita, na magari yanapita kwangu kwenda kwake. Vumbi lote naachiwa mimi.

Kiwanja kilikuwa shamba la mihogo la Agustina. Leo amesema, kwa upole kabisa, kwamba asipoona mgeni mpaka mwisho wa mwezi, mabanda yatakuwa ya ndama. Agustina akisema kwa upole ujue ameshaamua.

Jumatano, 4 Juni

Nimekwenda kwa Benedicto kupeleleza. Kisingizio: kuazima msumeno. Amenipokea vizuri mno. Chai, viazi vitamu, kiti chenye mto. Inaudhi sana mtu unayempeleleza akikuuliza habari za watoto.

Nimehesabu magari matatu. Nikamuuliza, kama utani, wageni wanamjuaje. Akasema wengine Google, wengine wanapiga tu simu, hata yeye hajui namba wameipata wapi. Hajui! Mtu mwenye siri ndivyo anavyojibu.

Nimerudi na msumeno. Sina cha kukata.

Alhamisi, 5 Juni

Nimegundua. Benedicto ana mtu wake ndani ya Google. Hakuna maelezo mengine. Nimeandika barua ya malalamiko kurasa mbili, kwa heshima lakini kwa ukali. Anwani sina.

Agustina ameisoma, akaikunja, akaiweka chini ya sufuria ya maharage isiunguze meza. Kisha akasema amempigia Tabitha, binti wa mwenzake wa kwaya. Kazi yake ni kukagua tovuti za watu na kuwaambia zinaumwa wapi. Anakaa Tarime, wiki hii yuko Kewanja akimkagulia mwenye nyumba ya wageni, atapitia hapa Jumamosi.

Nikamuuliza kama amekisahau cheti changu. Akasema hapana, anakipangusa kila wiki.

Jumamosi, 7 Juni

Tabitha amefika kwa bodaboda kutoka Mugumu, aliposhukia basi. Mdogo, mkimya, kompyuta imebandikwa plasta. Akasema shikamoo tata, yaani baba kwa Kikurya chetu, nikaitikia kwa sauti ya mkurugenzi.

Nilitegemea ataangalia na kusifu. Hakusifu. Alimwomba Agustina afungue tovuti kwa simu yake ya kawaida. Agustina akabonyeza. Tukasubiri. Akainuka, akakoroga uji, akamfukuza kuku jikoni, akarudi. Lilikuwa limetokea sikio la tembo.

Tabitha akaeleza kwamba picha zangu ni kubwa kupita kiasi. Mgeni hasubiri, anafunga na kwenda kwingine, na Google nao wanaupima uzito huo. Nikamwambia tembo ni mkubwa. Akasema ndiyo tata, ila kwenye simu anatakiwa awe mwepesi.

Halafu akauliza mbona chini ya ukurasa kuna nafasi kubwa nyeupe. Nikasema ni mapambo. Akaburuta kidole. Maneno yakajitokeza yote, kwenye rangi ya bluu: Serengeti Serengeti Serengeti, mara mia nne, na katikati Benedicto Benedicto Benedicto.

Ilikuwa mbinu yangu bora! Maandishi meupe juu ya weupe. Mtu haoni, mtambo unasoma. Tabitha akasema mtambo unasoma kweli, na unatambua kwamba unadanganywa. Agustina alilitazama jina la Benedicto kwa muda mrefu, kama anasoma tangazo la kifo.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada kazi imeendelea. Tabitha anafanya ukaguzi kama mganga wa mifugo: anashika hapa, anabonyeza pale, haongei. Mimi nasimama nyuma yake ili ajue kuna mwenye mali.

Saa tisa akasema ameona kinachoifanya kambi isionekane kabisa. Ndani ya mipangilio kuna kisanduku. Kikiwekwa tiki, tovuti inawaambia Google na wenzao wasiiweke kwenye orodha yao. Changu kina tiki.

Nikaruka. Nikasema ndiyo hayo, Benedicto ameingia usiku, ameweka tiki! Tabitha akauliza nani mwingine anajua nywila. Nikasema hakuna anayeweza kuikisia. Akauliza ni ipi. Nikamnong'oneza. Ni "magige".

Hapo nikakumbuka. Mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa nimeandika bei zangu, nikawaza Benedicto atazitafuta ili ashushe zake. Nikakiona kisanduku kinachosema tovuti isitafutike. Nikasema moyoni, Magige, una akili wewe.

Nimemweleza Tabitha kwamba huenda ni hitilafu ya umeme.

Agustina alikuwa anaanika mashuka. Sijui kama alisikia. Alikung'uta shuka moja kwa nguvu ambayo shuka halikustahili.

Jumatatu, 9 Juni

Siku mbaya. Naiandika kwa ufupi.

Tabitha amesema tiki ameiondoa, lakini kuna jambo lingine halielewi. Ndani ya tovuti yangu, mahali mtu wa kawaida haoni, kuna mstari unaoiambia Google kwamba ukurasa huu ni nakala tu na wenyewe hasa uko kwenye tovuti ya Benedicto. Akauliza kwa adabu kama ukurasa niliunakili mahali.

Sikuunakili. Niliuchukua. Wote, kama ulivyo, kwa sababu wa Benedicto ulikuwa umeshafanya kazi, na kwa nini watu wawili wateseke kwa kazi moja? Nikabadilisha jina na picha ya juu. Zile alama za ndani sikuzijua, nikaziacha.

Tabitha akashuka nazo taratibu mpaka mwisho wa ukurasa. Akasimama kwenye namba ya simu. Akauliza kama ni yangu. Nikasema bila shaka. Akaipiga, akaweka sauti kubwa. Simu yangu mezani ikakaa kimya kama jiwe.

"Karibu sana," ikasema simu ya Tabitha. "Hapa ni kambi ya Benedicto. Mko wangapi?"

Ng'ombe akalia mbali.

"Haloo? Msijali chakula, kipo."

Tabitha akakata. Nilichapisha kadi mia tano zenye anwani ya tovuti yangu. Nilizigawa stendi ya Mugumu, Sirari, mpaka kwenye harusi ya mtoto wa jirani yetu Heche. Kila aliyezifuata alimpigia Benedicto. Miezi saba nimekuwa mpiga debe wake.

Nilitegemea Agustina atapiga kelele. Nilijiandaa kabisa, nina majibu. Akakaa kwenye kigoda, akasema:

"Baba Happy, kila wiki nafua mashuka ya vitanda vinane. Hayajalaliwa. Nafua vumbi. Nilisema pengine Mungu hajatukumbuka. Kumbe walikuja, wewe ukawaelekeza kwa jirani."

Nikaenda kukaa kichuguuni. Sikutafuta kitu. Bando lilikuwepo.

Jumanne, 10 Juni

Nimerudisha msumeno. Nimemweleza Benedicto habari ya namba. Sikutaka, Agustina alisimama mlangoni mpaka nikavaa viatu. Benedicto alicheka mpaka akashika mti. Kisha akaacha kucheka. Akasema wakimpigia wengine kwa njia hiyo atawaelekeza kwangu, ni haki yangu. Mtu huyu hata hasira hakupi nafasi ya kuwa nayo.

Tabitha amefuta ukurasa wote. Amesema maneno mapya yawe ya kwetu, yaeleze kilichopo. Nikaandika: "Kasri la kifahari lisilo na mfano Afrika Mashariki." Akauliza kasri liko upande gani.

Akamgeukia Agustina, akamwomba aseme tu, yeye ataandika. Agustina alikuwa anachambua mboga. Akasema mabanda manne, ya nyasi, hayavuji. Maji ya kuoga yanapashwa kwa kuni, mgeni aseme saa. Asubuhi uji wa ulezi na maziwa ya ng'ombe wetu. Nyumbu wakiwa wanapita upande huu utawasikia ukiwa kitandani. Barabara ni mbaya kilomita mbili za mwisho, njoo mchana.

Nilipinga habari ya barabara. Nani anatangaza ubaya? Tabitha akaiandika.

Jumatano, 11 Juni

Tabitha ameondoka. Picha ni nyepesi, namba ni yangu, nywila ni ndefu na anayo Agustina. Ramani pia ameirekebisha: nilikuwa nimejiweka katikati ya hifadhi, karibu na simba, nikidhani inavutia. Viungo vitatu vya kubonyeza vilikuwa havielekei popote. Ameiomba Google ije ikague upya, akasema ni siku kadhaa au wiki kadhaa, hakuna anayejua, na nisiguse kitu.

Nimeahidi. Agustina amempa kuku na karanga.

Ijumaa, 20 Juni

Siku tisa sijagusa kitu. Nimekonda.

Asubuhi nimepanda kichuguu. Nikaandika "Kambi ya Magige Machochwe". Tupo! Wa kwanza kabisa! Nikaandika "kambi ya kulala Machochwe". Benedicto wa kwanza, sisi wa tatu. Wa tatu! Nimepiga kelele mpaka mbwa wakaja.

Agustina amekuja akikimbia, akidhani nyoka. Nikamwonyesha. Akayasoma maneno yake mwenyewe kwenye simu, polepole, mpaka mwisho. Akasema alisahau kutaja karanga. Nikajua amefurahi.

Jumamosi, 28 Juni

WAGENI.

Wawili. Walimu wastaafu wa Nairobi, mume na mke, wameingilia mpaka wa Sirari. Mama anaitwa Mokami, asili yake Wakurya wa ng'ambo ya mpaka. Nikawauliza wametupataje, nikijifanya sijali. Mume akasema walikuwa wanasaka mahali pa kulala pasipo na mambo mengi, mke wake akasoma ile ya uji wa ulezi, akasema hapo hapo, hatuendi kwingine. Na ile ya barabara imewasaidia, wametoka mapema.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba ya ukaribisho. Agustina amewapokea kabla sijafika ukurasa wa pili. Amewapa banda la kwanza. Alasiri nimemkuta amesimama nje ya lile banda, hana kazi yoyote pale, anasikiliza tu watu wanavyocheka ndani. Nikasimama naye.

Baadaye akasema ndama watajengewa zizi lao.

Jumatatu, 30 Juni

Wageni wameondoka na karanga. Wamesema watarudi na shemeji zao mwezi wa nane.

Tabitha amepiga simu kumpongeza Agustina, nami nikapewa simu mwishoni. Amesema sasa kinachobaki ni maoni ya wageni kule Google, zile nyota, watu wanaziamini. Wageni waombwe waandike wakipenda. Akarudia mara mbili kwamba nisiandike mwenyewe. Nikamshukuru kwa ushauri wake.

Lakini nimefikiri kwa utulivu. Wageni ni wavivu wa kuandika. Wanahitaji mfano. Basi baada ya chai nimepanda kichuguu na nimeandika maoni matano, kama mbegu tu. La kwanza ni la Mjerumani, Profesa Ludwig: "Nimelala nchi arobaini, sijaona kama hapa." La pili la mjane wa Uswisi aliyepata nafuu ya mgongo. La tatu, jaji. La nne la wanandoa waliokuwa wanataka kuachana, wakabadili nia kwenye banda la pili. La tano, fupi, la mtu wa kawaida: "Mwenye kambi ni mtu mwerevu sana na anapendeza." Nyota tano kila moja. Nimetuma.

Ajabu, limebaki moja tu. Kila nikituma jipya linafuta lile la zamani. Limebaki la mwisho, la mtu wa kawaida, na juu yake pameandikwa Magige, na picha yangu nikiwa na suti ya harusi ya mtoto wa Heche.

Nimetafakari mpaka nikapata kosa lilipo. Kosa ni kutumia simu moja. Ukiwa na simu tano unakuwa watu watano, ni hesabu rahisi.

Agustina amekwenda mazoezi ya kwaya. Simu yake iko kwenye chaji, haijafungwa. Naanza na jaji.