Fundi wa Majina Aliyelipwa Mtamba

Salvatory alikuwa amekwisha kufanya kazi saba mkoani Simiyu na hakuna hata moja aliyoijua. Kule Nyashimo aliuza dawa ya kuotesha nywele, naye mwenyewe ana upara unaong'aa kama sufuria ya harusi. Kule Lamadi aliwauzia wachuuzi wa dagaa mashine ya kufukuza nzi. Ilikuwa redio mbovu iliyopakwa rangi, na nzi ndio waliokuwa wa kwanza kuipenda. Kwa hiyo Jumatano ile, akinywa chai kwenye kibanda karibu na stendi ya Bariadi, alikuwa mtu anayetafuta kazi ya nane.

Kazi ikaja yenyewe, imevaa gauni la bluu na imenuna.

Aliitwa Eufrasia, karani wa chama cha wakulima wa pamba, ofisi ile ya ukuta wa njano nyuma ya soko. Alikuwa akimlalamikia mama wa chai.

"Jumatatu seva ya kupimia pamba ilifunguka vizuri, mayu. Jumanne asubuhi naandika jina lake, 'mizani', kama siku zote, kompyuta inaniambia haimjui mizani! Mizani gani asiyejulikana, na ametupimia pamba miaka miwili? Meneja anasema nimeharibu mimi. Ijumaa wakulima wanaleta pamba. Isipofunguka, barua ya kunifukuza imekwisha kuchapwa. Nimeiona kwenye meza yake."

"Pole, mwanangu. Kunywa chai."

Salvatory akasogeza kigoda. Miaka ya nyuma aliwahi kufagia duka la intaneti kwa miezi mitatu, na mtu anayefagia husikia mengi.

"Dada, samahani. Seva yenyewe inawaka taa?"

"Inawaka."

"Intaneti mnapata?"

"Tunapata. Ni mizani tu."

Salvatory akatikisa kichwa polepole, kama daktari aliyeona picha ya mapafu. "Hiyo ni DNS, dada yangu. Nipeleke kwa meneja wako kabla haijaingia kwenye umeme wa mji."

Meneja aliitwa Ndalahwa. Alikuwa mnene, mpole kwa wakubwa na mkali kwa wadogo, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: mpira wa Ulaya. Alimpokea Salvatory kwa mashaka.

"Wewe ni fundi wa wapi?"

"Wa kila mahali, bosi. Lakini kwanza nikuulize, kwa nini hamkumwita fundi aliyefunga mitambo hii?"

"Yuko Mwanza. Mbali."

Mwanza si mbali. Kila asubuhi mabasi yanakwenda Mwanza na abiria wanarudi wakiwa hai. Salvatory akainua macho ukutani. Pale palikuwa na kisanduku kidogo cheupe, ruta mpya ya kugawa intaneti, ya bei nafuu, na kuizunguka palikuwa na alama ya vumbi ya kisanduku kingine, kikubwa mara mbili, kilichoondolewa si siku nyingi.

"Ruta ya zamani ilikuwa kubwa," alisema, kama mtu anayeongea na ukuta.

Ndalahwa akakohoa. "Ilichoka. Nimeipeleka nyumbani ipumzike."

"Na nyumbani mpira unaonekana vizuri?"

Meneja akafunga mlango. Tangu hapo walielewana kama ndugu wa tumbo moja.

Ukweli wa mambo ulikuwa mdogo kiasi cha kutia aibu. Kompyuta haziitani kwa majina kama sisi. Zinatafutana kwa namba. Jina ni kwa ajili ya binadamu, asije akachoka kukariri. Ndiyo maana pale ofisini palikuwa na daftari la majina, ndiyo hiyo DNS, lililohifadhiwa ndani ya kompyuta ya karani. Ukiandika "mizani", daftari linajibu: "Huyo anakaa namba ishirini." Unakwenda, unamkuta. Sasa ruta ya zamani ilikuwa ikimpangia seva namba ishirini kila siku. Hii mpya haikuambiwa lolote, ikampangia sabini. Seva ikahama nyumba, na daftari likabaki linawaelekeza watu kwenye nyumba tupu.

Salvatory aliomba aachwe peke yake "azungumze na majina". Dakika ya tatu aliiona namba mpya kwenye orodha ya ruta, akaandika sabini, na ukurasa wa kijani wa mizani ukafunguka mbele yake. Angeweza kusahihisha mstari mmoja, apewe soda, aende zake. Lakini aliona meneja mwenye siri, karani mwenye hofu na Ijumaa inayokuja. Mtu akipewa vitu vitatu hivyo akaridhika na soda, huyo amekosa malezi.

Akaufunga ukurasa. Akatoka ameshika kiuno.

"Bosi, hali ni mbaya. Majina yametawanyika. Nitahitaji siku mbili, na Ijumaa saa sita mchana ndipo nitayarudisha, mbele ya watu."

"Kwa nini mbele ya watu?"

"Majina yanapenda mashahidi."

"Na wewe unapenda nini?"

"Mtamba mmoja. Afungwe nyuma ya ofisi kabla sijaanza. Mkono mtupu hauingii kwenye seva."

Ndalahwa alihesabu ng'ombe wa zizini kwake kichwani, akasita, kisha uso wake ukachanua. "Yupo mmoja. Mwenyewe hamkumbuki sana." Akakohoa tena. "Yaani, mimi mwenyewe simkumbuki sana."

Salvatory akazifunika kompyuta zote kwa kitenge. Akatoa amri kwa sauti ya askofu: "Asiguse mtu! Akigusa mmoja, tunaanza upya." Halafu akaenda kula wali.

Ila dirisha la ofisi ile lina pazia fupi, na Eufrasia alikuwa nje akianika kitambaa cha kufutia meza. Ule ukurasa wa kijani aliuona. Aliuona ukifunguka na aliuona ukifungwa.

Usiku hakuyumba wala hakulia. Alikumbuka habari ya bibi yake, Milembe wa Migato. Mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, bibi hupita akimtajia majina ya wazee waliotangulia, moja baada ya jingine, na mtoto anaponyamaza ndipo wanajua ni mzee gani amerudi. Hakuna anayempiga mtoto. Hakuna anayemlaumu mama. Watu wanauliza tu, kwa utaratibu, mpaka apatikane anayeitika.

Alhamisi Salvatory alipokwenda kunyoa ndevu, Eufrasia akainua ncha ya kitenge na kuuliza kwa utaratibu. Akaiita ishirini: kimya. Ishirini na moja: ikaitika printa. Akaendelea, namba kwa namba, kama anayetaja ukoo. Sabini ikaitika seva.

"Kumbe hujafa," akanong'ona. "Umehama tu."

Akafungua daftari lake la mkono, lile aliloandika fundi wa Mwanza alipokuja kufunga mitambo. Palikuwa na mstari uliopigiwa wino mara mbili: *Seva ni 20. Mashine ya kupimia kule ghalani nayo inaijua 20 tu. Usibadilishe.* Basi hata Salvatory angesahihisha daftari la majina, mashine ya ghalani ingebaki inapeleka kilo za watu kwenye nyumba tupu. Dawa haikuwa kubadilisha daftari. Dawa ilikuwa kumrudisha mpangaji nyumbani kwake.

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi alifungua ofisi kama kawaida yake, akakaa mbele ya seva, akaipa namba ishirini na kuifunga hapo ili ruta isiihamishe tena. Akaandika "mizani". Ukurasa wa kijani ukafunguka. Akatabasamu, akarudisha kitenge vilevile kilivyokuwa, mpaka mikunjo.

Alikuwa na nia ya kumwambia meneja. Lakini saa tatu mtamba akaletwa, akafungwa nyuma ya ofisi. Mwekundu, baka jeupe kifuani, sikio la kushoto limechanwa. Eufrasia aliliangalia sikio lile, akahisi uso unawaka. Alikuwepo siku lilipochanwa na seng'enge, Migato, nyumbani kwa bibi.

Hapa lazima lieleweke jambo. Usukumani mtu humweka ng'ombe wake kwa mwenzake, amchunge na anywe maziwa, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe, yeye na uzao wake. Milembe alimweka mtamba huyu kwa Ndalahwa kwa heshima ya ofisi ya mjukuu wake. Kumtoa ng'ombe wa namna hiyo awe malipo ni aibu ambayo mtu huwaachia hata watoto wa wajukuu.

Wakati huo Salvatory akaja kumkagua mnyama wake. Akaguna kwa raha, kisha akawaza. Ng'ombe hapandi basi. Mnadani wanadai kibali.

"Dada Eufrasia," alisema kwa upole, "wewe ni mtu wa huku. Hakuna mnunuzi mtulivu? Asiyeuliza kibali wala ukoo wa ng'ombe?"

Eufrasia akafikiri kidogo.

"Yupo Migato. Mama mmoja, anaitwa Milembe. Ukipita mashine ya kusaga, nyumba ya bati jekundu. Ukifika na huyu, hatakuuliza kibali hata kidogo."

"Kweli?"

"Nakuapia. Atafurahi sana."

"Dada, wewe una moyo. Nitamwambia meneja asikufukuze."

"Asante, fundi."

Saa sita wakulima walikuwa wamejaa ofisini na magunia yao yamejaa uwanjani. Mbele alikaa mzee Ngassa, mwenyekiti wa chama, mkongojo katikati ya magoti. Upande wa pili wa barabara alisimama mnunuzi binafsi na lori lake, anasubiri chama kishindwe ili pamba ihamie kwake. Ndalahwa alisimama ameshika bahasha. Eufrasia aliijua bahasha ile.

"Mwadila, wazee wangu!" Salvatory akaanza kwa salamu ya Kisukuma. "Tatizo hili limeletwa na mkono wa karani, lakini leo litaondolewa na mkono wa mtaalamu."

"Fundi," alisema Eufrasia, "si uandike 'mizani' kwanza, tuone kama bado haifunguki?"

"Dada, mgonjwa haulizwi kama anaumwa wakati kisu kiko mkononi! Nimesema asiguse mtu."

"Haya. Mimi nilikuwa nauliza tu."

Salvatory akafunua kitenge kwa mbwembwe. Akafungua daftari la majina, akaonyesha mstari wa mizani, akafuta ishirini, akaandika sabini. Vidole vilicheza kama vya mpiga kinanda. "Sasa," akasema, "majina, rudini!" Akaandika "mizani", akabonyeza.

Haipatikani.

Akabonyeza tena, kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa mwenye nyumba kiziwi. Haipatikani. Akaandika sabini yenyewe, ile ile iliyomwitikia Jumatano. Kimya. Jasho likaanza safari kwenye upara, likakosa kizuizi.

"Majina yamekasirika," alisema.

"Bhebhe, wewe, yamemkasirikia nani?" aliuliza mkulima mmoja, na ofisi nzima ikacheka.

Nje, mnunuzi wa lori akafungua mlango wa nyuma wa lori lake.

Ngassa akagonga mkongojo. "Karani, unaweza wewe?"

"Naweza, guku," alijibu kama anayemjibu babu yake. "Hata chai haitapoa. Lakini nina swali moja, na ningependa meneja alijibu mbele yenu. Ruta kubwa ya ofisi iko wapi?"

Ndalahwa akatazama ukutani, alama ya vumbi nayo ikamtazama.

"Niliisogeza kidogo," alisema.

"Mpaka wapi?"

"Sebuleni kwangu."

Eufrasia akakaa. Akafuta sabini, akaandika ishirini, akabonyeza. Ukurasa wa kijani ukafunguka, na kutoka ghalani mtu akapiga kelele kwamba mashine ya kupimia imesoma gunia la kwanza. Watu wote wakajazana kwenye skrini kana kwamba kuna bao limefungwa. Ngassa alinyoosha mkono, akaichukua ile bahasha, akaisoma, akaikunja mara nne. "Barua hii ina jina lisilo sahihi," alimwambia Ndalahwa. "Jumatatu kamati itaandika nyingine." Upande wa pili wa barabara, mlango wa lori ukafungwa.

Katika furaha hiyo hakuna aliyemwona Salvatory akitoka mgongo mbele. Hakuna, isipokuwa Eufrasia, na yeye aliendelea kupokea magunia.

Migato si pua na mdomo. Salvatory alitembea saa kadhaa kwenye udongo mweusi, anavutwa zaidi ya anavyovuta, maana mtamba alionekana kuijua njia. Jua lilipoanza kulegea alipita mashine ya kusaga. Bati jekundu likaonekana. Mtamba akamkimbiza mita za mwisho.

"Mwadila, mayu," alisema akihema. "Nimekuletea mtamba."

Milembe alikuwa anachambua choroko. Akainuka, akalishika sikio lililochanwa, akacheka mpaka meno yote manne yakaonekana.

"Kweli umeniletea! Na kwa miguu! Kibali sikuulizi."

"Ndivyo nilivyoambiwa. Sasa, bei..."

"Bei ya nini, baba? Ng'ombe wangu mwenyewe?"

Simu ikalia kiunoni mwa bibi. Akaiweka sikioni, na sauti ya Eufrasia ikasikika mpaka kwa mgeni: "Bibi, amefika?"

"Amefika, mjukuu wangu. Hakupotea hata kidogo."

Salvatory alipewa kata ya maziwa ya mgando kwa kazi ya uchungaji, maana mgeni haachwi aondoke na njaa. Alipomaliza aliuliza njia ya kurudi Lamadi. Milembe akanyoosha kidole kule alikotoka.

Salvatory akakitazama kidole. Akakumbuka ni ukoo gani uliompa anwani ya kwanza. Akacheka kicheko cha mtu asiyedanganyika mara mbili, akaaga, akashika njia ya upande wa pili.

Bibi alimwita mara tatu, kisha akarudi kwenye choroko zake. Njia ile inakwenda Meatu, na kila hatua inaiacha Lamadi mbali zaidi.