Nilivyochagua Kinanda Mbele ya Shangazi Tusa

Jamani, uso wangu leo nimeuacha dukani. Atakayeuokota kule karibu na mpaka aniletee mtaani Chapwa, hapa Tunduma, maana kesho nina shughuli na siwezi kutoka bila uso.

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi, saa kumi jioni, jua linawaka. Siumwi. Ni aibu tu.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Ipyana, yule wa kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye flashi. Madereva wa malori wakikwama kwenye foleni ya mpaka wanakuja kwangu, nawajazia nyimbo za kuwafikisha hadi Lubumbashi. Lakini zote ni nyimbo za watu wengine. Hapo ndipo panaponiuma. Mwaka wa pili huu nina mdundo wangu mwenyewe kwenye laptopu, nimeutengeneza kwa kubonyeza herufi moja moja. A ni ngoma. S ni kayamba. (L ilikuwa besi, ila ilishang'oka, sasa nabonyeza kwa njiti ya kiberiti.)

Mdundo huo una siri. Ukisikiliza chini kabisa, kuna cherehani.

Ng'ambo ya kibanda changu anakaa Sekela, fundi nguo. Cherehani yake ikianza, tiki-tiki-tiki-trrrr, na yeye anaanza kuimba juu yake, pole pole, kama mtu anayeongea na kitambaa. Mimi hapo huwa nasahau hata mteja kaniambia nimwekee nini. Basi siku moja nikairekodi ile cherehani kwa simu. Sauti yake sikuirekodi. Cherehani unaweza kuiba, sauti ya mtu unaomba.

Wiki iliyopita nikaomba. "Sekela, nina wimbo. Njoo uimbe."

Akatoa pini mdomoni. "Ipyana, prodyuza wa kwanza alinizungusha miezi sita, kumbe hata maikrofoni hana. Nikuone kwanza ukipiga kinanda. Ukipiga, naimba. Ukinizingua, tusisumbuane tena."

Mimi na mdomo wangu! "Jumamosi nakwenda kununua kibodi ya MIDI. Twende ukanisaidie kuchagua."

Kutoka chumba cha ndani ikaja sauti ya Shangazi Tusa, anayeishi naye: "Hamwendi wawili. Na mimi nina zipu za kununua."

Sasa niwaambie kuhusu hicho kinanda. Nimekiota mpaka mto wangu unakijua. Video zake nimeangalia nyingi sana. (Zote nusu. Bando linaisha katikati. Likumbukeni hili, ndilo lililoniua.) Kwenye daftari nimeandika: vitufe ishirini na tano ni vichache, arobaini na tisa vinatosha, sitini na moja ni ufalme. Viwe vinasikia kidole, ukivigusa kwa upole viimbe kwa upole. Viwepo na vile viboksi vya mpira vinavyowaka taa, vya kupigia ngoma. Nilijua kinachomekwa kwenye kompyuta. Ila nilidhani ni kama kile cha kanisani, kwamba hata peke yake kinaimba.

Asubuhi tukaondoka. Ukungu ulikuwa mzito na baridi ya Tunduma mnaijua. Foleni ya malori imelala barabarani: kichwa cheupe, turubai jeusi, cheupe, cheusi, cheupe. Nikaona vitufe. Nilitembea pembeni yake navipiga kwa macho, waya mmoja sikioni, mdundo wangu unaimba taratibu. Nikaona mbali. Sekela yuko jukwaani, gauni kajishonea mwenyewe, la rangi ya maua ya mibuni. Mimi nipo nyuma yake na kinanda. Na ukungu huu huu ndio moshi wa jukwaa...

"Ipyana, shimo!"

Alikuwa Shangazi Tusa. Nilikuwa nimeshatumbukia. (Mguu mmoja tu. Siku ilikuwa inanionya, sikusikia.)

Duka ni la Bwana Sudi, mwenyeji wa Tanga, mtu mpole, kofia yake haijui vumbi. Wiki iliyopita nilimsaidia kujaribu ile spika yake kubwa kwa kuiunganisha na simu yangu kwa bluetooth. (Na hili mlikumbuke.) Nilipoingia nikachomoa waya wa sikioni kwa heshima, simu nikaisukumia mfuko wa mbele wa suruali.

"Karibuni sana," akasema Bwana Sudi. Akawapa akina shangazi viti vya plastiki, wakakaa. Mezani kulikuwa na kibodi tatu, ndogo, ya kati, na ile kubwa. Ile kubwa! Nikahesabu vitufe: sitini na moja.

Sekela akashika ndogo. "Hii nzuri. Inaingia hata kwenye begi."

"Sekela, hiyo ni ya watoto," nikasema. (Mtu ambaye besi yake ni njiti ya kiberiti.) "Mwanamuziki anahitaji nafasi ya kupumua."

"Basi ngoja nikalete kompyuta ndani, kijana wangu, uijaribu..." akaanza Bwana Sudi.

"Hakuna haja, Bwana Sudi. Mtaalamu anajaribu kwa kidole."

Mtaalamu! Mungu nisamehe.

Nikaikalia kibodi kubwa kama dereva. Nikafumba macho. Nikaegemea meza. Nikabonyeza.

Na jamani, ikaimba!

Spika kubwa nyuma yangu ilifunguka kama mlango. Ngoma, kayamba, besi, vyote. Nabonyeza kidole kimoja, inatoka bendi nzima. Nilishangaa? Wapi! Nikasema kimoyomoyo, hivi ndivyo vitufe sitini na moja walivyokuwa wanavisema. Mara na cherehani ikaingia, tiki-tiki-tiki-trrrr. Mtu mwenye akili zake angejiuliza kinanda cha kutoka ughaibuni kimeijulia wapi cherehani ya Chapwa. Mimi niliona kimenielewa tu.

Watu wakaanza kusogea mlangoni. Dereva mmoja wa Zambia, mteja wangu wa siku nyingi, akapiga makofi, ananisifu kwa lugha ya kwao: "Eya mukwai! Eya!" Ndiyo, bwana! Ndiyo!

Nikasikia Sekela anasema taratibu, "Mbona... hiyo si cherehani yangu?"

Nikafungua jicho moja. Ameinamisha kichwa, anasikiliza. Kisha akaanza kuimba kwa pua, mdomo umefungwa, juu ya mlio wa cherehani yake mwenyewe. Hapo mimi sikuwa tena Tunduma. Nilikuwa juu ya ukungu, miguu haigusi chochote.

"Kijana wangu..." akasema Bwana Sudi.

"Shh, Bwana Sudi. Naingia kwenye kiitikio."

Nikazungusha kitufe cha sauti. Sauti haikupanda, haikushuka. "Hiki kibovu," nikamwambia. "Itabidi unipunguzie."

Mdundo ukaisha. Mimi bado nabonyeza, kwa hisia, kichwa kinakwenda huku na huku. Kimya. Nabonyeza. Kimya. Halafu spika ikasema:

"Asanteni. Asanteni sana. Kaeni chini jamani, kaeni."

Ilikuwa sauti yangu.

Niwaeleze sasa, na msinihukumu. Mvua ikinyesha wateja hawaji. Basi huwa najirekodi hotuba ya siku nitakayopewa tuzo. Naifanya yote, mpaka makofi ya watu, kwa mdomo wangu mwenyewe. Kwenye simu faili la hotuba linafuata baada ya mdundo.

"Haaaaaa!" ikashangilia spika. Na mbuzi wa jirani, aliyekuwa anajikinga mvua kibandani kwangu siku ile, naye akasikika vizuri kabisa: "Meee."

Nikabonyeza kila kitufe. Kwa vidole, kwa viwiko, kwa kifua. Hotuba inaendelea tu. "Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu kule Isongole, aliyeuza maharage yake akaninunulia laptopu akijua ni ya masomo..."

"Ulimdanganya mama yako?" akauliza Shangazi Tusa.

Nikainyanyua kibodi nzima nitafute pa kuizimia. Waya wake ukanyanyuka nao. Ncha ikaning'inia hewani, mbele ya macho ya umma. Haikuchomekwa kwenye spika. Haikuchomekwa kwenye kompyuta. Haikuchomekwa hata ukutani.

Bwana Sudi akaniwekea mkono begani. "Kijana wangu, chombo hiki hakina sauti yake. Bila kompyuta ni kama kabati. Muda wote nataka kukwambia. Anayeimba hapa ni suruali yako."

Suruali! Kumbe simu ilijiunga yenyewe na spika ile ya wiki iliyopita, na nilipoegemea meza, meza ikaibonyeza.

Nikapeleka mkono mfukoni. Lakini kwa ajili ya Sekela leo nilivaa ile jinzi ya kubana. Mkono uliingia. Kutoka ukakataa. Nazunguka pale kama pia, kibodi kwapani, waya unafagia sakafu, na kule nyuma sauti yangu imeshuka, imelegea, imekuwa tamu:

"Na mwisho kabisa, mke wangu. Mke wangu Sekela, fundi wa gauni hili na fundi wa moyo wangu. Sekela, simama mama, watu wakuone."

Haaaaaa! Meee.

Simu ikatoka. Nikaizima. Dereva wa Zambia alikuwa amevua kofia kama mtu aliyepita msibani.

Kumtazama Sekela sikuweza. Nikatazama zipu. Shangazi Tusa alikuwa ameshika mkononi zipu kumi na mbili za bluu, nikazihesabu zote. Shangazi akanitazama mimi. Akamtazama binti. Akakohoa kidogo.

"Sekela."

"Abee, shangazi."

"Si umeambiwa usimame? Simama basi, watu wakuone."

Duka lilipasuka! Bwana Sudi mpole yule alishika kofia isianguke. Dereva alikaa chini kwenye boksi la redio. Sekela akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Nikajua analia. Nikataka kulia na mimi, nimsindikize. Kumbe anacheka.

Nilinunua ile ndogo, ya vitufe ishirini na tano. Ile kubwa nilishindwa kuitazama, ilikuwa imeniona vibaya. Bwana Sudi akaleta kompyuta, akaichomeka, akanionyesha. Nikagusa kitufe kimoja kwa upole, kikaimba kwa upole. Kweli kabisa, kama nilivyokuwa naota.

Njiani Sekela alitangulia, hageuki nyuma. Ukungu ulikuwa umeondoka, malori yamebaki malori. Nikajua ndiyo hivyo tena, tusisumbuane. Tulipofika kwenye lile shimo akasimama.

"Ipyana."

"Naam."

"Cherehani yangu uliirekodi lini?"

"Siku nyingi."

"Na mimi nilikuwa naimba?"

"Ulikuwa unaimba. Nikangoja umalize ubeti, nikarekodi pale uliponyamaza."

"Kwa nini?"

"Sikuwa nimekuomba."

Akatazama shimo. Akatazama kibodi niliyoikumbatia kama mtoto mchanga. "Kesho baada ya ibada nitakuja kibandani. Nitaimba. Kuimba tu, unasikia? Hayo mengine uliyotangaza mimi sijayasikia. Na hiyo hotuba uifute."

"Mimi nimeyasikia," akasema Shangazi Tusa, akapita katikati yetu na zipu zake.

Kwa hiyo nawaomba msicheke. Na wewe unayejiandaa kupiga kinanda mbele ya watu, hakikisha kwanza suruali yako haina la kusema.

Hotuba ninaifuta, nimeahidi. Mpaka sasa nimefuta mbuzi.