Kauli Tatu za Kunipatia Chumba

Jumatatu, 3 Machi
Mpangaji amehama! Chumba cha nyuma kiko wazi. Chumba chenye mlango, na mlango wenye kitasa. Mimi, mwalimu wa jiometri, mtu mzima na ndevu zangu, nalala kwenye kochi la sebuleni, na kila anayekwenda kunywa maji ananikanyaga. Mateso yamekwisha. Ila mume wa dada naye nimemkuta humo akikipima kwa hatua. Shemeji ni kinyozi, hunyolea watu hapo hapo sebuleni, na sasa anataka kuhamishia kiti chake kule. Kinyozi! Ndani ya chumba changu!

Sitagombana. Nitathibitisha.

Jumanne, 4 Machi
Mpango umeiva. Katika jiometri hatuanzi kwa kubishana. Tunaanza na kauli chache ambazo kila mtu anazikubali bila kudai ushahidi, kisha mengine yote yanafuata yenyewe, upende usipende. Leo wakati wa chakula nimewawekea mbili. Ya kwanza: chumba kilicho wazi ni cha asiye na chumba. Ya pili: nyumbani humu asiye na chumba ni mimi peke yangu. Wote wakaitikia huku wanatafuna. Dada akataka kujua kinachonichekesha. Nikasema chumvi imekolea.

Mama alikuwa amenuna kidogo, na nyumba ni yake. Nikaongeza ya tatu, kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: Mama hakosei kamwe. Ikashangiliwa kuliko zote. Mimi ni hatari!

Jumatano, 5 Machi
Nimethibitisha mbele ya wote, kwa chaki, kwenye mlango wa jikoni, kauli zote tatu nimeziandika juu. Chumba ni changu. Nikapiga mstari chini. Shemeji akakuna kichwa, hata nikamwonea huruma.

Ndipo Mama alipoweka kikombe chini na kusema chumba kile anampa mkwe wake, kwa sababu amechoka kukuta wateja sebuleni kwake. Na Mama hakosei kamwe. Nimeandika mwenyewe, kwa mkono wangu!

Nikajitetea kwa elimu. Nikawaeleza kwamba sasa kauli zangu zinapingana, na kauli zikishapingana, kitu chochote kinaweza kuthibitishwa, hata upuuzi, kwa hiyo turudi mwanzo. Dada akauliza taratibu: kitu chochote? Nikasema chochote. Akachukua chaki.

Kabla meza haijafutwa ilikuwa imethibitishwa kwamba mimi ni birika, na kwamba kuosha vyombo ni kazi yangu mpaka mwisho wa mwezi. Nilitafuta kosa katika hoja zake. Hakuna. Nimeumia sana, ingawa kama mwalimu nimejivunia.

Alhamisi, 6 Machi
Masufuria. Nimegoma kumsalimia shemeji siku nzima. Hakugundua.

Ijumaa, 7 Machi
Ajabu! Shemeji kanifuata kwenye sinki. Kasema chumba anakihitaji mchana tu. Usiku atasukuma kiti pembeni, nami nilale. Dada ameshakubali kunishonea pazia la kunitenga na kiti, na Mama kasema hana neno. Nikamuuliza shemeji hilo limefuata kutoka kauli ipi. Kasema hajui mambo hayo, yeye kaona tu miguu yangu inaning'inia kwenye kochi. Machozi yakanitoka. Nikasingizia sabuni.

Jumamosi, 8 Machi
Nimelala nyuma ya mlango uliofungwa! Nimeamka na nywele za watu shingoni na furaha tele moyoni. Dada hanipingi tena. Ananiangalia tu na kutikisa kichwa.

Nimetafakari. Njia yangu imefaulu kabisa: nilithibitisha kwamba nitapata chumba, na chumba nimepata. Kasoro ni moja. Kauli tatu zilikuwa nyingi mno, zikagombana zenyewe kwa zenyewe. Jumatatu nakwenda kwa mwalimu mkuu kuomba ukuu wa idara ya hisabati, na safari hii naingia na kauli moja tu: mimi sikosei kamwe. Ataanzia wapi kukataa?