Kiti Kando ya Cherehani

Jumatatu, 4 Machi
Siku ya kumi na tisa ya ndoa! Mvua tangu alfajiri. Kipenzi changu anashona, nami namtazama kutoka mlangoni, maana kiti kando ya cherehani yake kakikalia wifi. Tangu awe mjane, hang'oki! Nakitaka kiti kile kuliko chochote duniani.

Leo mwalimu wa kwaya, anayeshonewa gauni la harusi, kauliza asili ya neno puleki. Nikawahi: ni chozi la bibi arusi lililoganda. Nimelitunga papo hapo. Tamu! Wifi akacheka hadi sindano ikamdondoka. Eti ni vidude tu vya kumetameta vya kushonea kwenye nguo, na neno ni la Kiajemi: sarafu ndogo, au gamba la samaki. Akanigeukia: "Machozi yako yatunze, wifi, utayahitaji." Mume wangu akacheka. Mume wangu!

Jumatano, 6 Machi
Puleki zimeisha, kifua cha gauni kitupu, duka limefungwa, harusi Jumamosi. Kipenzi changu kajiinamia kama mfiwa. Nafasi yangu hii! Kama asili yake ni gamba, basi gamba litafaa. Muuza samaki kanipa ndoo nzima ya magamba bure, akauliza kama nyumbani kwema. Nimeosha, nimeanika. Yanang'aa kama macho ya mume wangu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeshona magamba mia tatu wifi akiwa kliniki. Mume wangu akastaajabu. Akanikalisha kitini mwenyewe! Raha ya robo saa.

Kisha akapiga pasi.

Mvuke ukapanda na harufu yake. Paka watatu mlangoni. Mwalimu akanusa, akalia. Hakuna chozi lililoganda.

Wifi akarudi kutoka kliniki. Akaleta gauni lake mwenyewe la harusi, akafumua puleki moja moja, akazihamishia kwenye la mwalimu.

Jumapili, 10 Machi
Harusi ilifana, nasikia. Sikualikwa. Mume wangu kaniomba kwa upole nisikanyage chumba cha kushonea hadi mwakani. Hataki nichoke, mpenzi wangu!

Mvua bado. Gauni la wifi linaning'inia ukumbini, nyuzi tupu. Nimelitazama mpaka moyo ukaniuma, na kosa langu nikaliona: sikuyaloweka magamba kwenye siki.

Ndoo imebaki nusu. Kesho wifi akienda sokoni, nitamjazia gauni lake lote. Atafurahi mpaka aniachie kiti.