Tangi Lisilovuja Hata Tone

Mheshimiwa mwenyekiti wa baraza la kisiwa, waheshimiwa wazee mlioketi kila mmoja mahali pa ukoo wake ndani ya maneaba, jumba letu tukufu la mikutano, mchungaji, akina mama wasukaji, nguruwe wa waheshimiwa (kicheko), na mimi mwenyewe, Tiimon Kaburoro, Katibu Mwandamizi wa Uadilifu na Maji, niliyepanda kindege kile kidogo kwa ajili yenu, mauri!

(“Mauri!” tukaitikia salamu sisi akina mama wasukaji, midomo mikavu. Kisima chetu kimegeuka chumvi tupu, na mtoto wa Nei Bwebwe tumbo halitulii.)

Ndugu wananchi, uadilifu ni nini? Kwa mujibu wa mkakati shirikishi wa awamu ya pili ya programu, uadilifu ni uzima, yaani kitu kisicho na ufa, ndani na nje kimoja, kama mimi (makofi, ya mchungaji peke yake), na kama tangi hili la maji ya mvua lililofunikwa mikeka nyuma yangu, ambalo kwa tathmini ya wataalamu limefanikiwa kwa asilimia mia moja kutovuja hata tone, halina kutu, halina tundu, na hakuna mwananchi aliyewahi kulilalamikia.

(“Fungua bomba, baba, mtoto anywe!” nikamwambia.)

Bibi, tusiyaharakishe maendeleo! Bomba ni suala mtambuka, linalohitaji kamati ndogo chini ya kamati kubwa...

(“Basi funua mkeka!” Nei Bwebwe akainuka, mtoto kiunoni, akaushika mkeka.)

Mwanangu, acha, acha, nahitimisha! Uadilifu mzima! (“Mzima!”) Maji mazima! (“Yako wapi?”) Kwa unyenyekevu mkubwa nawashukuru akina mama kwa mikeka hii maridadi, iliyofunika vizuri sana vigogo vya minazi mahali ambapo tangi lingekaa, kama lingeagizwa. Asanteni. Sasa naombeni maji, koo limenikauka.

(Nikamletea ya kisimani, kifuu kimejaa hadi ukingoni. Humu ndani mgeni haachi kitu kwenye chombo. Akapiga funda moja, macho yakamtoka.

“Bibi, umetia chumvi?”

“Sijatia, mwanangu. Ndiyo haya anayokunywa mtoto. Meza yote. Ndege yako ni Alhamisi. Mpaka hapo utakunywa naye.”)