Ndege Nambari Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Juni
Daktari amenipa kiangazi kimoja cha kuishi. Kinatosha kuungama, visingizio vikiniishia. Miaka arobaini iliyopita, katika msitu huu huu wa Estonia, tuliweka vijiti vya homoni ya kiume chini ya ngozi ya ndege madume. Nilitabiri wataimba tu, wasahau kulisha makinda. Wakatii wote, isipokuwa nambari kumi na saba. Aliimba, na akalisha! Nikaandika kwamba kijiti chake kilidondoka, nikamfuta kwenye matokeo. Msaidizi wangu, Leida Kuusmaa, akapinga. Nikamwondoa kazini. Sasa ni jirani yangu. Balaa.

Jumanne, 4 Juni
Mpango: nijifanye nimepoteza kumbukumbu, Leida anikumbushe kosa, mimi niitikie kwa kichwa tu. Nikamwalika chai. Nikamwuliza kama tuliwahi kufanya kazi pamoja. Akaniangalia kwa huruma, akanifundisha taratibu jinsi ya kushika kijiko. Keki yote kaimaliza yeye.

Jumatano, 5 Juni
Nimemtuma binti yangu, Virve, akaungame kwa niaba yangu. Kakataa. Eti dhambi haina mjumbe. Ana miaka hamsini na sita. Watoto wa siku hizi!

Alhamisi, 6 Juni
Leida kaja kunipikia. Kwenye sanduku la kiota, pale dirishani, dume mmoja alikuwa akileta viwavi, safari baada ya safari. Uzalendo ukanishinda.

"Kijiti hakikudondoka," nikasema. "Nilimkamata tena nikampapasa. Kilikuwepo."

Akaendelea kumenya viazi. "Nilikipapasa kabla yako, Profesa. Miaka arobaini nangoja vidole vyako vipate ulimi."

Nikalia. Akanipa kitambaa cha vyombo. Akasema machozi hayatoshi: tuliandikie lile jarida lililochapisha utafiti wetu, baba wa watu arudishwe kwa wanawe. Na viazi nile vyote.

Jumamosi, 8 Juni
Barua ya kusahihisha iko tayari. Hesabu zote zimetoka kwenye daftari la Leida. Mimi nimeongeza koma mbili, zote muhimu. Nimelala kama kinda aliyeshiba. Hata daktari kashangaa. Jumatatu Leida atakuja kutia sahihi.

Jina langu nimelitanguliza. Mgonjwa hawekwi nyuma. La Leida lipo pia, baada ya la Virve, aliyepiga chapa.